Gego Lililopima Mahindi ya Mlowo

Laki mbili na elfu sabini na nane. Hiyo ndiyo gharama ya kulitibu jino langu moja, gego la chini upande wa kushoto, na baadaye kuling'oa. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, na picha za taya, dawa na nauli za Mlowo kwenda Tunduma na kurudi zimo. Maandazi niliyokula stendi sikuyaweka, kwa sababu hayo ningeyala hata kama jino lingekuwa zima.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye biashara ya mazao sasa hivi, mnaosimama pale barabarani na simu mbili mkononi mkisubiri Fuso za kutoka vijijini. Wengi wenu mnanifahamu kama Mama Eliza, na mmesikia kwamba nimestaafu, ingawa kustaafu kwa mnunuzi wa mahindi ni kuhamisha tu kigoda kutoka mbele ya mzani na kukiweka pembeni ya mzani. Wengine wenu nimewafundisha kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mmeniuliza imekuwaje nikakubali kung'olewa jino ambalo nilikuwa nimeshalilipia matibabu. Ni swali la haki. Mtu akinunua kitu kwa laki na themanini, halafu akatoa elfu thelathini nyingine ili kitupwe, lazima aulizwe.

Ila kwanza mjue jino lile lilikuwa na kazi gani.

Zamani hatukuwa na hizi mashine zenu za kupima unyevu. Mahindi yenye maji yakiingia stoo yanapata joto, yanaota ukungu, na siku unapofungua mlango unapokewa na harufu ya pombe ambayo hukuipika. Kwa hiyo kila mnunuzi alikuwa na njia yake ya kujua. Wako waliotia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko na kusikiliza ubaridi. Wako waliotikisa punje ndani ya chupa kavu yenye chumvi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado. Njia hiyo ya chupa ni nzuri, itunzeni, siku betri ikifa itawasaidia. Lakini Mzee Halinga, aliyenifundisha mimi, alikuwa anauma.

Mzee Halinga alikuwa mnunuzi wa mahindi na kahawa pale Mlowo, na mimi aliniajiri kushona midomo ya magunia. Meno aliyobakiwa nayo hayakuzidi ya mtoto anayeanza kutambaa, lakini yale yaliyobaki yalikuwa yanajua kilichoyaweka pale. Siku moja akanikuta natafuna punje zilizomwagika, kwa njaa tu. Badala ya kunikaripia akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia mahindi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Binti," akaniambia, "meno ya mbele ni ya kuwachekea wateja. Kazi ifanyie nyuma."

Basi akaanza kunifundisha. Punje usiilaze, isimamishe kwa ubavu kati ya magego. Bana polepole mpaka ikukatalie, kisha ongeza kidogo. Iliyokauka inakataa, inakataa, halafu inaachia mara moja: ka. Vipande viwili visafi, na ndani nyeupe kama chaki iliyovunjwa. Mbichi haikatai. Jino linazama kama kisigino kwenye udongo wa masika, inalia du, ukiitoa ina kidonda na haijavunjika. Kati ya ka na du kuna sauti nyingine nyingi, na hizo ndizo zenye fedha, kwa sababu hapo ndipo unapoamua kununua leo, kusubiri siku mbili juani, au kushusha bei.

Alinifundisha pia ujanja wa wauzaji, kwa kuwa na yeye aliwahi kuwa muuzaji. Usichukue punje za juu ya gunia, hizo zimepangwa kama nguo za Jumapili. Chukua bambo, ule mwiko wa chuma uliochongoka, uuchome katikati ya gunia, uvute za ndani. Na mahindi yaliyoanikwa juani asubuhi kwa ajili yako usiyaume yakiwa na joto. Ngozi ya nje inakuwa ngumu na moyo wake bado mbichi, itakudanganya. Yaweke kivulini, piga soga, ulizia watoto, yakipoa ndipo uume.

Na jambo la mwisho, ambalo nililijua kwa ulimi wangu: nusa kwanza. Nilikuwa bado mgeni wa kazi, nataka kuonekana hodari, nikauma punje iliyopakwa dawa ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi. Mdomo mzima ukafa ganzi, mate yakawa yananitoka bila idhini yangu. Mzee Halinga alinisukutulisha ndoo nzima ya maji, akanikimbiza zahanati, na nilipopona akanipa adhabu ya kunusa magunia kutwa nzima bila kuuma hata punje moja. Hadi leo naweza kukwambia gunia limehifadhi nini mwaka juzi. Wanangu hawapendi nikiingia jikoni kwao.

Tulikuwa na utaratibu pale, na ninyi wa mashine mmeanza kuuacha. Mnunuzi akishauma, anamnyooshea muuzaji kiganja kilekile chenye punje zilezile, na muuzaji naye anauma. Mpaka wote wawili wawe wameuma, hakuna anayetaja bei. Muuzaji akikataa kuuma mahindi yake mwenyewe, unafunga mzani wako na kumtakia safari njema. Huo utaratibu umezuia ugomvi mwingi kuliko polisi.

Sasa, kila muumaji ana jino lake. La kwangu lilijichagua lenyewe, hilo gego la kushoto. La kulia lilikuwa la ugali. La kushoto lilikuwa kazini. Nasema bila aibu kwamba lilikuwa jino la ajabu. Aliwahi kuja mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, miongoni mwa wa kwanza kuja na mashine ya kupima. Akanisalimia, "Mulishani, mayo," kama wanavyosalimia Wabemba mtu mzima wa kike, halafu akaniwekea vikopo vitano vya mahindi na kuniomba nivipange kuanzia kikavu hadi kibichi. Mashine yake ilikuwa imeshavipima, yeye anajua jibu. Nikauma vitano, nikavipanga. Akatazama karatasi yake, akatazama mdomo wangu, akaninunulia soda baridi. Siku hizo jino lile lilikuwa linaikubali soda baridi.

Baadaye likaanza kuikataa. Kwanza soda, kisha maji ya kisimani, kisha hata upepo wa asubuhi wa Mbozi nilipofungua mdomo kusalimia. Nikaweka karafuu. Nikasukutua chumvi. Likavimba mpaka nikawa nazungumza upande mmoja kama mtu anayesema siri. Nikapanda gari kwenda Tunduma.

Kliniki niliyoelekezwa ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge, na daktari wa meno alikuwa binti mdogo wa umbo kutoka Itumba kule Ileje, Daktari Atupele. Nilipomwona nikajiuliza nani atakayemshikia mgonjwa. Akanikalisha, akapiga picha ya taya, akanionyesha doa jeusi chini ya jino. Akaniambia kuna njia mbili. Kuling'oa, au kulitibu mzizi: anatoboa juu, anatoa mshipa uliooza ndani, anasafisha mifereji ya mizizi mpaka chini kabisa, anaiziba. Jino linabaki mahali pake.

Kulitoa sikutaka hata kusikia. Nikauliza bei ya kulitibu. Laki mbili. Nikamwambia mimi ni mtu wa Mlowo, hiyo bei amweleze dereva wa lori anayelipwa kwa dola. Akashuka elfu ishirini. Nikasukuma tena, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, kwa sababu hakubishana. Akawa anapanga vyombo vyake kwenye sinia, kimoja kimoja, kama mtu ambaye ana siku nzima. Mzee Halinga alikuwa anafanya hivyohivyo akifika bei yake ya mwisho, anapanga magunia. Nikajua nimefika sakafuni. Nikalipa laki na themanini.

Kazi yake niliiona, kwa sababu nilikuwa nimelala chini yake mdomo wazi na sina la kusema, hali ambayo hainitokei mara nyingi. Visindano vyembamba kama unywele, kila kimoja na rangi yake, anaingiza, anazungusha, anatoa, anakipangusa, anakitazama mwangani. Kila alipotoa alikuwa anakipima urefu kwenye kirula kidogo. Halafu anapima tena. Nikasema kimoyomoyo, huyu angenifaa stoo.

Safari ya pili alipomaliza kuziba, akaniambia bado kitu kimoja, kofia. Jino lililotibiwa mzizi halina tena mshipa wa kulilisha, linakuwa kama kuni kavu, na lazima livalishwe kofia ngumu juu ili lisipasuke. Bei ya kofia, laki mbili na nusu.

Nikamwambia kofia ya bwana harusi haifiki hapo.

"Mama," akasema, "ya bwana harusi haitafuni."

Nikampa ofa ya laki moja. Akakataa kwa adabu. Nikamwambia basi nitarudi baada ya mavuno. Akanitahadharisha kwamba mpaka siku hiyo nisilivunjie kitu kigumu, si mfupa, si muwa, si bisi. Mahindi makavu hakuyataja, na mimi sikumkumbusha. Nilikuwa nimemwambia nimestaafu. Kwa siku nyingi za wiki ilikuwa kweli.

Mavuno yalipofika nilikuwa natafunia kulia, jino haliumi, nimefurahi nimeokoa laki mbili na nusu. Sasa sikilizeni.

Obedi mnamfahamu. Ni mmoja wa wale niliowafundisha kuuma, na leo ni mnunuzi mkubwa mwenye stoo yake na mashine ya kupima unyevu anayoifungia kwenye mkoba kama biblia. Asubuhi hiyo aliingia mkulima kutoka Mbangala, Baba Tumaini, na Fuso ya kukodi yenye magunia arobaini. Njia ile mnaijua. Yalikuwa mavuno yake yote, na nauli ya gari ilikuwa inasubiri mahindi yauzwe. Obedi akachoma bambo, akaweka punje kwenye mashine, mashine ikasema maji yamezidi. Baba Tumaini akasema mashine ni ya Obedi, kainunua Obedi, inakula betri za Obedi, itasema la nani? Wakapandishiana sauti. Wapakiaji wakakaa chini. Mwishowe Baba Tumaini akasema atakubali jibu la mtu mmoja tu pale sokoni, na akaelekeza kidole kwenye kigoda changu.

Obedi akakubali. Hilo nataka mlitie akilini. Mtu mwenye mashine, mwenye stoo, mwenye fedha, alikubali.

Nikainuka. Ningeweza kusema jino langu limekatazwa. Lakini mtu akikuita mbele ya soko zima kwa jambo moja unalolijua kuliko wote, miguu inatangulia. Nikajiambia nitauma kwa upande wa kulia. Nikachagua punje kutoka kwenye bambo, nikainusa, nikaiweka mdomoni, na ulimi, ambao ulikuwa umeipeleka punje kushoto miaka yote hiyo, ukaipeleka kushoto.

Ka.

Sauti safi. Waliosimama karibu waliisikia. Nikasema, "Makavu."

Baba Tumaini akamshukuru Mungu. Obedi akairudisha mashine mkobani, akawaambia wapakiaji waanze kupeleka stoo. Baba Tumaini kwa furaha hakuuma punje niliyomnyooshea. Aliishika tu mkononi. Gunia la kwanza likapanda begani, la pili likapanda, na mimi nikiwa natafuta mahali pa kutema ndipo ulimi ukaniambia hesabu haikai sawa. Punje iliyovunjika inatoa vipande viwili. Mdomoni kwangu kulikuwa na vitu viwili, lakini kimoja kilikuwa kizima.

Nikatema kiganjani. Punje ilikuwa nzima, ina kidonda cha jino ubavuni, kimezama. Du kabisa. Na pembeni yake kipande cha gego langu, cheupe, kisafi, kimevunjika kama chaki.

Mbele yangu kulikuwa na njia ya kunyamaza, na nawaambia ilikuwa fupi na pana. Magunia yangeingia stoo, Baba Tumaini angelipwa, angelipa gari, angerudi Mbangala. Baada ya wiki chache stoo ya Obedi ingenuka, magunia arobaini yangeambukiza mengine, na Obedi asingejua kamwe kwamba mashine yake ilisema kweli. Angeuamini mdomo wangu na kuitupa mashine. Nikasema kabla sijafika mwisho wa hesabu hiyo.

"Obedi, toa mashine yako. Kilicholia ni jino."

Nikawaonyesha kiganja. Obedi akatazama, akanishika mkono, wasiwasi wake wa kwanza ukawa kama naumwa. Lakini aliyenishangaza ni Baba Tumaini. Mtu huyu alikuwa ameshapata jibu alilolitaka, kwa njia aliyoichagua mwenyewe, mbele ya mashahidi. Angeweza kushikilia hapohapo. Akaitazama ile punje ya kwake aliyokuwa ameifumbata, akaiweka mdomoni, akauma. Akatafuna kidogo. Akatema.

"Bado," akasema. "Mama yuko sawa. Mahindi yangu bado."

Vijana, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na watu niliowaona wakiuma na kusema ukweli ulio dhidi ya mfuko wao nawahesabu kwa vidole. Siku ile alisema mtu mwenye deni la gari. Obedi naye hakutaka kushindwa kwa uungwana: akatandika maturubai kwenye uwanja wake, akamlipa dereva wa Fuso kwanza kwa ahadi ya kukata kwenye malipo, na mahindi yakaanikwa pale bure mpaka mashine ikakubali. Baba Tumaini akauza kwa bei ya makavu. Wote wawili waliondoka na kitu. Aliyepungukiwa ni mimi.

Nilirudi Tunduma na kipande changu kwenye kiberiti. Nilikuwa na mpango. Daktari Atupele aligundishe, au arudie tiba ya mzizi kisha aweke kofia, na safari hii nitailipa yote, nitaomba tu apunguze kama desturi. Nilikuwa hata nimeshaomba mkopo kwa Eliza, binti yangu, naye alikuwa ameshakubali, jambo linaloonyesha alivyoniona nimeshtuka.

Daktari akapiga picha nyingine. Akaitazama, akanigeuzia. Ufa ulikuwa umeanzia juu, pale palipomeguka, ukashuka katikati ya jino hadi kwenye mzizi. Fizi pembeni ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nikamwambia mpango wangu na nikataja fedha, nikijua fedha ni lugha anayoielewa.

"Fedha yako naitaka, Mama, nina kodi ya chumba hiki," akasema. "Lakini jino lililopasuka mpaka mzizini halizibiki. Nikilirudia utafurahi mwezi, miezi. Halafu utarudi na usaha, na mfupa wa taya umeliwa. Nitakuwa nimekuuzia kitu kibovu huku nakijua."

Nikamtazama vizuri. Muuzaji anayekuonyesha gunia bovu kabla hujachoma bambo si wa kukutana naye kila msimu. Lakini bado sikuweza kusema ndiyo. Maumivu nilikuwa nimeyazoea. Nilichokiona mbele yangu ni kigoda changu pale pembeni ya mzani, na mimi juu yake nikiwa bibi mmoja tu aliyekaa kivulini, hakuna wa kuniita. Nikamweleza hivyo, kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza nikamwambia ukweli kuhusu kazi ya lile jino. Hakucheka. Aliuliza ninaumaje. Nikamweleza ka na du. Akasikiliza kama mwanafunzi aliyelipa ada.

Halafu akachukua kile kioo chake kidogo chenye mpini wa chuma. Akasema ngoja nimalize kupima. Akaanza kugonga meno yangu kwa mpini, moja baada ya jingine, taratibu, kuanzia mbele. Tik, tik, tik. Meno mazima yanajibu. Akafika nyuma kushoto.

Du.

Nikamwambia, "Gonga tena."

Akagonga tena. Kisha akarudi kwenye jirani yake, tik, akarudi, du. Nilikuwa naisikia sauti ile ndani ya fuvu langu, mahali ambapo nimesikilizia mahindi ya wilaya nzima. Mara hii hapakuwa na kitu kingine mdomoni cha kunichanganya. Kama lingekuwa gunia la mtu, ningekuwa nimeshafunga mzani.

"Ng'oa," nikasema.

Alinipiga sindano ya ganzi, tukasubiri. Kisha akachukua koleo, na yule binti mdogo niliyemdharau umbo akafanya kazi ambayo nimeisimulia tangu siku hiyo kwa kila anayekaa karibu yangu. Hakuvuta. Alikuwa analisukuma jino nje, ndani, nje, ndani, polepole, kama unavyolegeza kigingi cha turubai kwenye ardhi iliyokauka ili usikate kamba. Jasho lilimtoka puani. Mkono haukuharakisha hata mara moja. Jino likatoka vipande viwili, kila kipande na mzizi wake, na ndani yake kijiuzi cha rangi ya waridi, ile dawa aliyozibia. Nikatambua kwamba kile kijiuzi ndicho laki na themanini yangu.

Aliponipa gozi, kitambaa cha kuzuia damu, niiume, nikaandika kwenye karatasi, kwa kuwa siwezi kusema: vipande viwili, bei ya kimoja?

"Nikihesabu mara mbili kama wewe, Mama," akasema, "ni sitini. Lete thelathini uondoke."

Nililipa bila kupunguziwa. Eliza hakuamini.

Yaliyobaki ni ya kuwasaidia ninyi. Ukitibiwa mzizi, vaa kofia mapema, usisubiri mavuno. Kofia ni bei kubwa mpaka uihesabu mara ya pili. Ukishang'olewa, gozi iume nusu saa bila kuichungulia, usiteme hovyo, usisukutue siku ile. Kesho yake ndipo maji ya uvuguvugu na chumvi. Na daktari akikuambia jino halifai, mwombe aligonge ulisikie mwenyewe.

Pengo limepona. Daktari Atupele ananiambia naweza kuweka jino la bandia la kuchomeka, au kuliacha hivyohivyo. Nimeuliza bei, nimeuliza pia kama la bandia litasikia. Bei alinitajia. La pili alitikisa kichwa.

Obedi alikuja kunipa pole na mkungu wa ndizi mbivu, tunda la heshima kwa asiye na meno. Akaniuliza anadaiwa nini, kwa kuwa punje ile niliiuma kwa ajili yake. Nikamwambia aniache nihesabu kwanza. Nimehesabu, na jibu ni lako Obedi, na ni la ninyi wote niliowafundisha kuuma bila kuwatoza hata senti.

Gego langu la kulia ni jinga. Limekula ugali maisha yake yote. Ninaliwekea punje, linavunja, na halijui limevunja nini. Makavu na mabichi yote kwake ni chakula. Mashine ninyi mnayo, lakini mkulima wa Mbangala hana, na anatakiwa ajue mahindi yake kabla ya kukodi gari, na mtu wa kumfundisha lazima awe anasikia. Kwa hiyo laki mbili na elfu sabini na nane nawasamehe. Ninachodai ni hiki: kila anayepita Mlowo na mzigo asimame mbele ya kigoda changu, achote punje kwa bambo, tuume sote wawili kutoka kiganja kimoja, halafu aniambie amesikia nini. Mimi nitanyamaza nisikilize, mpaka hili la kulia nalo lijifunze. Mzee Halinga alinisubiri msimu mzima kabla sijasikia kitu kingine zaidi ya mahindi, na hakunitoza. Naomba mnisubiri na mimi.